Tabaga Moja, Sahihi Mbili

Mtu ambaye hajawahi kukaa jukwaani hawezi kuelewa jinsi picha yenye upana wa nukta mia nne na kimo cha nukta mia moja inavyoweza kumtoa mtu jasho. Rashidah binti Marjan, wa Kibuli, Kampala, alielewa vizuri mno. Mwaka ule wa 2006 alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alikuwa na kazi na mama wa kumtunza, na kichwa chake kizima kilikuwa ndani ya hizo nukta.

Jukwaa lenyewe liliitwa Kibanda cha Mpira. Lilikuwa mtandaoni, na watu wa Kampala, Nairobi, Kisumu na Mwanza walikutana humo kubishana kuhusu mpira mpaka wakatukanana. Chini ya kila neno aliloandika mwanachama palitokea sahihi yake: kibango kidogo chenye jina, pengine picha ya mchezaji, moshi, miale, rangi za timu. Usiye na sahihi nzuri hukusikilizwa, hata useme ukweli mtupu. Na pembeni mwa jukwaa palikuwa na chumba kilichoitwa Karakana, mahali pa mafundi wa kutengeneza hivyo vibango, na humo ndimo Rashidah alimoweka roho yake.

Mpira, tuseme ukweli, haukumkuna. Aliingia Kibandani siku moja akitafuta mwandiko mzuri wa kadi ya harusi ya mteja, akaona sahihi ya mtu fulani wa Nakuru yenye simba anayetoka kwenye vumbi, akasahau harusi na bwana harusi. Mwezi ule ule akajisajili kwa jina la Fundi R. Wakamwita kaka. Akawaacha wamwite, maana alichotaka ni kuulizwa habari za kivuli na mwanga, si habari za mume.

Kazi yake ya mchana ilikuwa katika duka la intaneti la Fadhul, chini ya kilima, njia ya kwenda msikitini. Duka lilikuwa na kompyuta sita, printa moja yenye kikohozi, na skana. Rashidah alipiga chapa mitihani ya shule, matangazo ya mazishi, na barua za kuomba kazi za watu wasiojua waanze na neno gani. Katikati ya mteja na mteja alifungua programu ya picha, na hapo ungemwona anavyobadilika: mgongo unanyooka, midomo inabanwa, kipanya kinatembea kidogo kidogo. Leya juu ya leya, yaani tabaka za picha, brashi laini pembeni, kivuli chini ya herufi, kisha kupunguza uzito wa picha mpaka ushuke chini ya kilobaiti hamsini bila kuharibu rangi. Sahihi zake arobaini na moja zilikuwa zinavaliwa na watu asiowajua. Kila alipokuta moja chini ya maneno ya mgeni huko Eldoret, furaha ilimjaa akatamani kumwambia mtu, na mtu wa kumwambia alikuwa Fadhul peke yake, ambaye alijibu, "Kale, nzuri," yaani sawa kwa Kiganda, bila kuinua macho.

Kisha likaja shindano. Katika Karakana palikuwa na Baraza la Mafundi, watu watano tu, ambao majina yao yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu. Hakuwahi kuingia mtu wa Kampala. Novemba fundi mmoja alijiuzulu, msimamizi akatangaza: atakayeshinda Sahihi ya Mwezi kwa kura za wanachama ndiye atakayekaa kiti chake. Mada: Nyumbani.

Wenzake wakaleta milima, wakaleta ziwa, wakaleta viwanja vya mpira. Rashidah alitabasamu peke yake. Yeye alikuwa na kitu chake tayari tangu Ramadhani, na hakumwonyesha mtu.

Mama yake, Rehemah, alikuwa msusi wa makawa ya kufunikia sinia, yale ambayo Wanubi huyaita tabaga, ya ukindu uliotiwa rangi, mviringo ndani ya mviringo. Siku moja ya mfungo Rashidah aliona tabaga mpya kwenye kiti, zambarau na chungwa na nyeusi, imekamilika jana yake tu. Akaitia kwenye mkoba, akaenda nayo kazini, akailaza kifudifudi kwenye skana iliyozoea pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, akabonyeza. Picha iliposhuka kwenye kioo na kila kishono kikaonekana kama punje ya mahindi, alipiga kelele, "Banange!" Mteja aliyekuwa akiandikia ubalozi barua akageuka akidhani amekosea. Jioni tabaga ikarudi kwenye kiti chake, na mama hakujua kama ilitoka.

Kwa picha ile alifanya kazi wiki tatu. Alikata kipande cha mviringo kikawa kama jua linalochomoza ukingoni. Aliongeza mwanga upande wa kushoto, akasafisha kila doa, akalaza jina lake juu yake kwa herufi nyembamba nyeusi. Alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na alijua. Alhamisi saa tano asubuhi akakipeleka jukwaani, akaondoka kwenye kiti akaenda kusimama mlangoni kidogo, apate hewa.

Sifa zikamiminika siku nzima. Mmoja wa Mwanza aliandika kwamba amesikia harufu ya pilau. Rashidah alisoma yale maneno mara tisa, nami simlaumu.

Ijumaa, Fadhul aliporudi kutoka swala na kuwasha jenereta, Rashidah akafungua jukwaa akakuta kimya cha ajabu, na juu ya kimya hicho maneno ya Byron. Huyu Byron alikuwa msimamizi, mtu wa Kisumu, na aliandika kama hakimu aliyekosa chai.

"Sahihi ya Makokha iliingia Alhamisi saa tatu," aliandika. "Ya Fundi R iliingia saa tano. Zote zina kawa la kusuka. Nimezikuza mara nane. Si kwamba zinafanana. Ni kawa lile lile, kishono kwa kishono. Mmoja wenu ameiba picha ya mwenzake. Kila mmoja alete asili ya kazi yake kabla ya kesho saa sita mchana. Asiyeleta, akaunti yake itafungwa na sahihi zake zitavuliwa kwa kila aliyezivaa."

 Katika Karakana mtu angeweza kutukana, kuchelewa, hata kujisifu, na akasamehewa. Kuiba kazi hakukusamehewa. Rashidah akatazama sahihi ya Makokha, fundi mwenzake wa Karakana. Ilikuwa kweli. Ilikuwa tabaga ya mama yake, imewekwa katikati bila mbwembwe, na jina la mtu mwingine chini.

Basi, alijiambia, si nina faili langu? Lina leya ishirini na sita, na ya chini kabisa ni picha ya skana. Akahamia kompyuta namba nne, mahali alipofanyia kazi, akafungua kabrasha. Hapakuwa na kabrasha.

"Fadhul!" aliita. "Hii namba nne nani alizima?"

"Umeme ilienda jana jioni," Fadhul alijibu. "Si unajua leo kwetu, kesho kwa wengine. Kwani ulikuwa hujaweka kitu yako kwa fulashi?"

Hapo ndipo aliposhika kichwa. Mashine za Fadhul zilikuwa na programu ya kuzigandisha: ukizima na kuwasha, kila kitu alichoacha mteja kinafutika, virusi na barua za mapenzi pamoja. Siku nyingine zote Rashidah alibeba faili lake kwenye fulashi. Alhamisi ile, kwa zile sifa, alikwenda nyumbani anaelea, fulashi ikiwa kwenye mkoba, imefutwa kila kitu asubuhi ile kupisha picha za harusi ya binamu. Na ukutani, juu kabisa ya kompyuta namba nne, palikuwa na karatasi: HIFADHI KAZI YAKO, IKIPOTEA USITULAUMU. Ilikuwa imepigwa chapa na yeye mwenyewe, kwa herufi nyekundu, na kivuli chini.

Akatoka mbio. Nyumbani alimkuta mama ameketi kwenye mkeka, ukindu umelowa kwenye beseni.

"Mama, ile tabaga ya zambarau iko wapi? Ile ya Ramadhani?"

"Niliuza."

"Uliuza? Lini?"

"Kabla ya Idd. Mtu alipita, akapenda, nikampa. Unataka nini na tabaga? Sinia si iko na kifuniko?"

"Nani alinunua, Mama?"

"Rashidah, mimi nauliza watu majina? Mtu!"

Alirudi dukani miguu mizito. Hakuwa na faili, hakuwa na tabaga. Alichobaki nacho kilikuwa hasira, na hasira hiyo akaimwaga yote kwenye ujumbe wa siri kwa huyo Makokha: "Kaka, ile picha umeitoa wapi? Sema ukweli, Mungu anakuona."

Jibu lilikuja kabla hajamaliza kumhudumia mteja wa fotokopi. "Mwizi ndiye ananiuliza? Nimeipiga na kamera yangu. Kitu chenyewe kiko mezani kwangu hapa Kawempe."

Rashidah akasoma tena. Kawempe, Kampala hii hii! Kwenye jukwaa yule bwana alijiandika mtu wa Bungoma. Kumbe siku zote walikuwa wanatumiana pongezi na ushauri wa brashi kupitia mtambo ulioko sijui nchi gani, ilhali boda boda moja ingewafikisha.

"Mimi niko Kibuli," aliandika. "Kwa Fadhul, chini ya msikiti. Lete hicho kitu nikione."

"Kesho saa tano niko hapo. Na wewe ulete chako."

Jumamosi, umeme ukiwa umerudi, saa tano kamili aliingia mtu mrefu wa miaka kama arobaini, shati limechomekwa vizuri, mkononi kifurushi cha gazeti. Alikuwa mtunza stoo wa muuza mabati, na alisimama mlangoni akikagua watu kama anayehesabu mzigo.

"Natafuta Fundi R," alisema.

Fadhul akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu? Huyu msichana?"

"Ni mimi," Rashidah alisema.

"Haki ya Mungu! Mwaka mzima nakuita kaka!" Akasahau ugomvi kwa nukta moja, akataka kucheka, kisha akakumbuka na kukunja uso. "Haya. Mwizi ni mwizi, awe kaka awe dada. Tazama."

Akafungua gazeti. Rashidah aliiona zambarau ile, akainyooshea kidole. "Lakini hii ni tabaga ya mama yangu!"

"Hii ni ya mke wangu, Nasike. Nimeinunua kwa jasho langu."

"Mama yangu ndiye aliyeisuka! Mimi niliiweka kwa skana Ramadhani, kabla hujaiona!"

"Hiyo picha ya skana iko wapi?"

Rashidah akaionyesha kompyuta namba nne iliyomfutia kila kitu. Makokha akavuta kiti, akafungua sahihi zote mbili kwenye kompyuta namba nne, moja juu ya nyingine, akazikuza. Alijua kazi, huwezi kumnyima hilo. "Angalia hapa karibu na ukingo," alisema. "Kwenye tabaga kuna kishono kimoja cha kijani. Kimoja tu. Kwenye sahihi yangu kipo. Kwako kiko wapi?"

"Nilikifuta," Rashidah alisema polepole.

"Ulikifuta?"

"Niliona ni kosa. Nikachota zambarau ya jirani, nikapaka juu."

"Mwizi yeyote angefuta," Makokha alisema, na safari hii hakupaza sauti, jambo lililomwumiza Rashidah zaidi. "Unaona sasa? Byron akiona hivi, atasema nini?"

Rashidah aliona vizuri. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Akafikiria zile sahihi arobaini na moja zikivuliwa moja moja, Nakuru, Eldoret, Mwanza, na jina lake likibaki mfano wa kuwatishia wageni. Machozi yakamlenga, akayameza.

Wakati huo huo mlango ukajaa. Mama Rehemah aliingia na chupa ya chai mkononi, maana binti yake alitoka bila kutia kitu mdomoni, akaanza kugomba kutoka mlangoni: "Rashidah, wewe unataka kufa kwa sababu ya hii televisheni?" Kisha akaona tabaga mezani. Akaona na aliyeketi mbele yake. Uso ukafunguka.

"Aaa, wewe! Yule wa kabla ya Idd! Bibi yako alipenda?"

Makokha alisimama haraka kiti kikaanguka. "Alipenda sana, Mama. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mimi nilisema atapenda."

Nakwambia, Rashidah alipiga ukelele ambao walisikia mpaka kwa muuza chapati ng'ambo ya barabara. Alimkumbatia mama, chupa ya chai nusura imwagike, Fadhul alicheka mpaka akakaa chini, Makokha alibaki anaiangalia tabaga, anamwangalia mama, anamwangalia binti, akisema, "Ni ile ile. Yaani ni ile ile moja!" Ikabidi mama aelezwe yote, kila mtu akimkata mwenzake kauli: skana, kamera, jukwaa, Byron, saa sita.

Mama akasogea kwenye kioo. "Kwa hiyo hii ni tabaga yangu, hapa ndani?"

"Ndiyo, Mama," wakajibu wote wawili.

"Nani aliniuliza?"

Fadhul akajifanya anaiangalia printa. Printa ikakohoa.

"Mimi nilinunua, Mama," Makokha alijaribu.

"Ulinunua ya kufunika chakula. Na wewe," akamgeukia binti, "wewe ulichukua kwa kiti yangu, hukusema. Huyo Byron anatafuta mwizi mmoja? Mwambie wako wawili. Andika."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Andika! Sema: hii tabaga ni kazi ya Rehemah wa Kibuli. Hawa watoto wote wawili wamekosa adabu, lakini hakuna aliyeibia mwenzake."

Rashidah akaandika, mikono ikikimbia kuliko macho. Makokha akatoa kamera, akampiga mama picha ameshika tabaga kifuani, uso mkavu kama wa kitambulisho. Saa sita kasoro dakika nane. Waya wa kamera ukagoma, ukakubali. Picha ikaanza kupanda, asilimia kumi, kumi na nane, ikasimama. "Twende, twende, mukwano," Fadhul aliisihi mashine kama rafiki, akawafukuza wateja wawili kwenye mtandao ili njia ipungue watu. Asilimia sabini. Tisini na nne. Saa sita kasoro dakika moja ikaingia, na wanne wale wakapiga makofi kama goli limefungwa uwanja wa Nakivubo.

Kisha jukwaa likalipuka. Majibu hamsini katika nusu saa, salamu kwa mama kutoka miji ambayo mama hajawahi kuisikia. Byron mwenyewe aliandika: "Asili imeonekana. Akaunti zote mbili zinabaki. Kura nilizisimamisha jana, na sasa wanachama wanadai mwenye tabaga ndiye aamue mshindi. Nimekubali. Mama achague."

"Usimwambie ipi ni ya nani," Fadhul alisema haraka. Makokha akatikisa kichwa kukubali. Rashidah alikubali pia, tena kwa roho nyeupe, maana hakuwa na shaka. Akaziweka sahihi mbili kwenye kioo, majina ameyaficha. Ile ya jua linalochomoza ilikuwa inawaka. Nyingine ilikuwa imekaa tu.

Mama aliinama, akatazama moja, akatazama nyingine. Akarudia. Hakuwa na haraka hata kidogo, na Rashidah alikuwa tayari anaona jina lake kwa dhahabu.

"Hii," mama akasema, akigusa kioo kwa kidole.

Ilikuwa ya Makokha.

"Mama!" Rashidah alisema. "Kwa nini?"

"Ile nyingine inang'aa, nzuri. Lakini mimi sikushona ile. Kijani yangu haiko." Akachukua tabaga yenyewe, akaweka ukucha kwenye kile kishono. "Siku ile zambarau iliisha. Nikasema, siwezi kufungua kazi ya wiki moja kwa sababu ya kishono moja, nikaweka kijani. Nikiona kijani, najua ni mkono yangu. Huyu aliyesafisha, amenitoa."

Rashidah akayafunua majina. Mama aliliona la binti yake, akashtuka kidogo, lakini hakubadilisha uamuzi. Iliuma. Sitasema haikuuma; kiti cha dhahabu kilikwenda Kawempe mchana ule ule, mbele ya macho yake, kwa kidole cha mama yake mzazi. Alimpa Makokha mkono, na Makokha aliushika kwa mikono yake yote miwili, kisha akakunja gazeti lake tupu, akawaachia tabaga mpaka kesho yake.

Alipoondoka, Rashidah alikaa anaangalia kioo. Mama akamimina chai, akamsogezea, kisha akavuta kiti kingine akaketi karibu naye bega kwa bega, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele ya mashine ile.

"Hao watu wote walionisalimia," alisema, "kila mmoja ana kapicha yake chini ya jina. Mimi yangu iko wapi?"

Rashidah akamgeukia. Kicheko kilimponyoka kabla ya machozi kukauka. Akafungua ukurasa mpya, mia nne kwa mia moja, mweupe, akachukua tabaga aliyoiacha Makokha kwa siku moja zaidi, akailaza kwenye skana.

"Niandike nini, Mama?"

"Andika Rehemah," mama alisema. "Na usisafishe kitu."